Mkutano Ulioandikwa Kabla ya Kufanyika

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niandike kumbukumbu za mkutano ambao ulikuwa bado haujafanyika. Ilikuwa miaka ya thelathini, nami nilikuwa nimetoka shule ya misioni ya Wametodisti nikijua kupiga mashini ya kuandikia kwa vidole vyote kumi, jambo ambalo hapa Kamina lilikuwa la watu wachache. Serikali ya Wabelgiji ilinipeleka kwenye kituo kidogo nje ya mji, ambacho jina lake naliacha. Karani mkuu, mtu mzima aliyevaa tai hata Jumamosi, alinionyesha jinsi ya kupanga karatasi tatu na kuweka kati yake karatasi nyeusi za kaboni ili kupata nakala. Kisha akanisomea maneno ya kupiga: wakubwa wote wa vijiji wamekutana Alhamisi, wamekubali kwa sauti moja. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikamuuliza, "Na kama wakikataa?"

"Weye njo muntu ya kupiga mashini," akajibu. "Kukubali na kukataa iko kazi ya bwana mukubwa."

Bwana mkubwa alikuwa msimamizi, Mbelgiji aliyetawala kituo na vijiji vyake. Nataka vijana waelewe utaratibu ule, maana kwa nje ulikuwa na sura nzuri. Kila kijiji kilikuwa na mkubwa wake, na wakubwa hao walikaa baraza mbele ya msimamizi. Kwetu Baluba, shauri likiletwa, kila mtu husema mpaka amalize, na shefu, yaani mkubwa wao, husema wa mwisho, akishawasikia wote. Msimamizi aliugeuza mpango huo juu chini. Alisema yeye kwanza, akasema sana, kisha tampo, ile sahani ya wino, ikapitishwa na kila mkubwa akatia kidole gumba chini ya maneno asiyoweza kuyasoma. Hivyo ndivyo tulivyopitisha mashamba ya lazima ya pamba na kazi za barabara. Nasema tulipitisha, kwa sababu aliyepiga mashini ni mimi.

Nilitumika chini ya wasimamizi wanne. Wa kwanza alijali pembeni mwa karatasi tu, mistari ianze sawasawa. Wa pili na wa tatu sina la kuwasema, walikuwa wakali kama kazi ilivyowataka. Wa nne, aliyekuja baada ya vita, ndiye aliyenichefua kuliko wote, kwa kuwa alipenda kuhutubia juu ya uongozi. "Tunawafundisha kujitawala, polepole," aliwaambia wazee wenye mvi, watu waliokuwa wakisuluhisha kesi za mipaka na za mahari kabla yeye hajazaliwa. Nilikuwa nikitafsiri hotuba zile huku kumbukumbu zikiwa tayari mkobani mwangu.

Chini ya huyo ndipo lilipotokea jambo la kijiji cha mkubwa aliyeitwa Tata Banza, yaani Baba Banza. Kilikuwa kando ya kijito, penye udongo mzuri wa mihogo na makaburi ya wazazi wao. Tajiri mmoja Mzungu alitaka majani ya pale kwa ng'ombe wake. Kumbukumbu nilizopiga zilisema kwamba wakubwa wote, pamoja na Tata Banza mwenyewe, wameomba kijiji kihamishwe. Wameomba, eti. Neno hilo nililipiga bila kukosea herufi.

Siku ya mkutano wakubwa walikataa asubuhi nzima, mmoja baada ya mwingine. Msimamizi akasema amewasikia, akaagiza tampo ipitishwe. Tata Banza akaweka mikono magotini.

"Mbele ya kutia kidole, karani asome," akasema.

"Haina haja," msimamizi akajibu kupitia kwangu. "Yameandikwa yale mliyosema."

"Kama njo ile tulisema, kuisoma itaumiza nani?"

Msimamizi akaniambia kwa Kifaransa, huku akitabasamu, nisome kwa namna itakayowafurahisha. Nilikuwa na mke, watoto watatu na nyumba ya matofali ya serikali. Siyataji hayo kama udhuru. Nilishika karatasi iliyosema wameomba kuhama, nikasoma kwa sauti ya kanisani: "Wakubwa wamekataa, nao wanamwomba msimamizi apeleke neno lao kwa wakuu wake." Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakatia vidole, mpaka tampo ikamfikia Tata Banza, wa mwisho.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, yaani nikatunga tena.

"Mara ya kwanza ulisema bwana atapeleka neno yetu," Tata Banza akasema polepole. "Sasa unasema atafikiri. Minyi sijue kusoma, mutoto yangu, lakini niko najua kusikia. Karatasi haibadilishe maneno. Muntu njo anabadilisha."

Akainuka akaenda zake. Wazee wengine wakadai karatasi ichanwe, na msimamizi akaufunga mkutano. Jioni hiyo nafasi moja ilikuwa bado tupu chini ya jina la Banza, na bila yeye sauti haikuwa moja. Karani mkuu akanisogezea tampo.

"Kidole iko kidole tu," akasema. "Kule juu hakuna muntu anajua ya Banza."

Nikatia changu. Kabla ya majira ya mvua kuanza, watu wa kijiji kile walipita mbele ya ofisi yetu wamebeba milango na vinu vichwani, wakienda kwenye ardhi ya mawe mwendo wa nusu siku. Niliwatazama kupitia dirisha. Hasira niliyo nayo juu ya siku ile ni ya msimamizi, na ya karani mkuu, lakini fungu kubwa ni langu.

Miaka ya hamsini ilipokuwa inaisha, uchaguzi wa kwanza wa madiwani ulitangazwa. Ijumaa moja walinijia vijana watatu wa chama kimoja, watoto wetu wa hapa hapa, waliovaa suti. Waliniletea majina ya kupiga mashini: wagombea waliochaguliwa kwa sauti moja na mkutano wa wanachama. Mkutano wenyewe ungekuwa Jumapili. Jina la tatu lilikuwa langu.

"Weye njo fundi ya ile kazi, papa," mmoja akaniambia kwa heshima ya mtoto kwa baba.

Nimetukanwa na Wabelgiji wanne, na hakuna tusi lililonichoma kama sifa ile. Basi huo ndio uhuru wanaotuletea, nilijiuliza, mashini ileile na watu wengine nyuma yake? Sikupiga hata herufi moja. Jumapili nilisimama mbele ya wanachama, nikawasomea orodha yote kama ilivyoandikwa. Tata Banza alikuwapo, amezeeka sana, amekaa mstari wa mbele na watu wake. Nikawaeleza na habari ya kidole.

Vijana wa suti walitaka kuninyamazisha. Tata Banza akainua mkono.

"Siku ile juu ya nini haukusema?"

"Woga, Tata."

"Na kama bantu banakuchagua, halafu woga inarudia?"

Watu wakadai kila jina lijadiliwe peke yake, kila mtu aseme mpaka amalize. Wakaanza na langu, wakalifuta.

Nilistaafu baadaye na medali ya utumishi mwaminifu, na wanasiasa wa kila namna wamekuwa wakiniwekea kiti cha mbele, eti mzee mwenye hekima awafundishe vijana uongozi. Kiti hicho nakikataa. Katika kazi yangu yote nilihudhuria mkutano mmoja tu ambamo watu waliulizwa kweli, na walijibu kwamba mimi sifai. Walikuwa na haki.