Ladu Hajui Kusoma Uso

Kaka yangu Ladu ananichosha, na nitasema hata mbele yake. Ni fundi wa viatu vya matairi hapa Koboko, hodari kweli, lakini uso wa mtu kwake ni ukuta. Kifafa kilimshika akiwa mdogo. Daktari alitueleza kwamba kwa wagonjwa wengine, si wote, ugonjwa huo hugusa mahali pa ubongo panapotambua hasira, hofu na huzuni za watu. Nilimwelewa daktari. Hasira yangu haikuelewa.

Mkewe, Scovia, alikuwa amerudi kwao Logiri. Kila Ladu alipozinduka baada ya kuanguka, alimkuta mwanamke amemkodolea macho, basi akamfokea: "Mbona unanikasirikia?" Ugomvi uleule, miaka nenda miaka rudi. Mwishowe Scovia akafunga mzigo wake.

Desturi ni desturi: mume huenda kwa wakwe na mtu wa kwao, anagombezwa, ananyamaza, ndipo anaomba mke wake. Nikaenda naye. Njiani nilimwonya hadi koo likanikauka.

"Baba mkwe akigomba, inamisha kichwa. Usitabasamu!"

"Sawa, dada."

Sawa gani! Mzee Dramadri, baba yake Scovia, alipoanza tu kugomba, ndugu yangu akatabasamu hadi magego yakaonekana. Chakula kikaja. Sisi wote tulizunguka sinia moja. Ladu akawekewa na mama mkwe sahani yake pembeni, mlangoni, kwa sababu eti mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Ujinga mtupu! Na yeye, jamani?

"Asante mama, munanipa heshima kubwa."

Nilitamani ardhi inimeze.

Scovia akainuka kwenye sinia. Akaenda kuketi karibu na Ladu, akamega ugali wa muhogo katika sahani ileile, akala. Mama yake akashika mdomo.

"Scovia," Ladu akasema, "mimi hapana jua uso yako inasema nini. Sema na mdomo. Iko na hasira?"

"Hasira hapana. Ukianguka, mimi naogopa. Naogopa utakufa mbele yangu. Halafu unaamka, unanigombeza."

Ladu akaacha kutafuna. "Siku zote ilikuwa woga?"

"Woga tu."

"Basi rudi nyumbani. Nitakuuliza kwanza."

Scovia alitikisa kichwa. "Nakupenda, Ladu. Lakini nimechoka. Leo siwezi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Tukatoka bila yeye. Barabarani nilishindwa kujizuia. Miaka yote hiyo, neno moja tu la kuulizana, na hakuna aliyeuliza, hata mimi mwenye mdomo mrefu! Nililia kwa uchungu, mabega yakinitikisika. Ladu alisimama, akanitazama usoni, akajitahidi kweli, maskini.

"Dada," akaniuliza, "nini inakuchekesha?"