Mchi Nyuma ya Mlango

Naukumbuka usiku mmoja kule Korogwe, mwanangu, nami bado binti, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Nilikuwa mlezi wa zamu ya usiku katika nyumba ya watoto wenye usonji. Ninyi leo mnalijua neno hilo. Enzi zile kwetu Handeni watu walisema tu, "Mtoto wa fulani hayuko sawa," wakanyamaza. Nyumba ile bado naitamani, sikufichi. Hadi sasa nikisikia mtoto wa jirani anakohoa usiku, huamka nikatafuta kandambili.

Basi akaletwa Zubeda, msichana wa Dindira, asiyesema. Taa zikizimwa tu, anatoka kitandani, anakwenda kuusukuma mlango kwa viganja vyote viwili, na kulia mpaka wenzake wanaamka. Nilimrudisha kitandani, akatoka tena. Nikafunga kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga, kilio kikazidi. Mkuu wa nyumba akasema hali ikiendelea hivyo mtoto atarudishwa kwao, na kule hakukuwa na shule ya kumpokea. Roho iliniuma, maana nilishampenda.

Nikamlalamikia Bi Mwanahamisi, mlezi mwenzangu mtu mzima, Mzigua asiyepamba maneno.

"Bibi, huyu anataka kutoroka."

"Amekwambia?"

"Hasemi, bibi."

"Basi umejisemea mwenyewe. Mama yake umemuuliza kwao wanalalaje?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Asubuhi tukampigia mama yake simu. Alicheka, kisha akalia. Kwao, alisema, mlango hauna komeo. Usiku unaegemezwa mchi wa kinu, na kazi hiyo ni ya Zubeda. Asipoifanya yeye, halali.

Mama akaja na basi, mchi begani. Alitusimulia konda alivyomuuliza, "Mama, Korogwe unakwenda kumtwanga nani?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Usiku ule Zubeda aliupokea mchi wake, akauburuta, akauegemeza mlangoni, akaupapasa kidogo, akapanda kitandani akalala. Nilibaki nimekaa gizani nalia kwa furaha. Siku zote zile nilidhani mtoto anataka kutoka, kumbe alikuwa anatufungia mlango tulale salama.

Mwanangu, wewe unayeanza zamu hizo sasa, mtoto asiyesema usimsemee. Uliza kwao wanalalaje, wanakulaje, nani hufunga mlango. Na kazi aliyoizoea nyumbani usimnyang'anye kwa kumhurumia, kwani huenda ndiyo inayomwambia kwamba naye ni mtu wa nyumba hiyo.

Mungu akupe subira, na usiku wako uwe mwema. Na siku utakapozeeka kama mimi, usikose mtu wa kukuegemezea mlango.