Vyumba Vitano vya Mutuini

Lilikuwa daftari la shule, lenye jalada la buluu, na humo niliandika kila gharama isipokuwa ile iliyonimaliza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa karani katika ofisi ya bima katikati ya jiji la Nairobi, na tulipanga nyumba ya baraza la jiji pale Woodley, mimi, mke wangu mwalimu na watoto watatu. Nyumbani, magharibi, mama yangu mjane aliishi katika nyumba ya nyasi iliyovuja. Kwa miaka minne nilikuwa nimeweka akiba ya kumwezekea bati. Kisha nikapata wazo, na hata leo wazo hilo likinijia nasonya. Badala ya kumaliza pesa zote kwa paa moja, ninunue nyumba Nairobi, au kiwanja nijenge vyumba vya kupangisha, halafu kodi ya mwaka wa kwanza imjengee mama nyumba nzima. Nilimwandikia hivyo. Akajibu, kwa mkono wa jirani aliyejua kuandika, kwamba hakuna neno, atangoja.

Mke wangu hakunipinga. Aliuliza tu kama mvua nayo itangoja. Nikamwambia asiniletee mambo ya darasani.

Nilianza na madalali wa mjini, na hao walinitoa jasho. Kila mmoja alikuwa na ada yake ya kukuonyesha nyumba. Unalipa kwanza, halafu unapelekwa kuona nyumba ambayo mwenyewe alishaiuza mwezi uliopita. Mara tatu nilifanywa mjinga hivyo, tena mchana, mimi niliyeshinda ofisini nikisoma maandishi madogo ya mikataba ya watu wengine.

Siku moja gazeti likawa na tangazo la nyumba Spring Valley, mtaa wa matajiri. Najua, najua. Lakini nilikuwa na suti, na suti humdanganya mtu. Nilishuka basi Westlands nikatembea mpaka huko, nikafika viatu vyekundu kwa vumbi. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, Mhindi wa makamo aliyekuwa akijiandaa kuhama nchi. Alinitazama viatu, akaagiza chai na biskuti, kisha akaomba kuona daftari langu. Akatoa kalamu yake na kuniongezea niliyoyasahau: mtunza bustani, rangi, tangi la maji, kodi ya ardhi, mabomba yaliyokuwa yameoza chini ya sakafu yake mwenyewe.

"Bwana, nyumba kubwa iko na mpangaji moja tu," aliniambia. "Yeye nahama, wewe nabaki na majani."

Nilitoka pale nimekasirika, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu biskuti zake zilikuwa tamu.

Basi nikageukia vyumba vidogo vingi, na vidogo vingi maana yake ilikuwa mashambani, huko Mutuini. Mzee mmoja alikuwa anakata kipande cha shamba lake auze, kati ya mahindi na majani ya ng'ombe. Nilidhani nitamaliza mambo Jumamosi moja. Nilikwenda Jumamosi saba. Bei haikutajwa mpaka uji unywewe, na kila niliporudi kulikuwa na mtoto mwingine wa kiume wa mzee, ambaye sikumwona mara ya kwanza, naye ana maoni yake. Udongo wa kule, ukinyeshewa, unakuvua kiatu. Niliandika kwenye daftari: nauli, viatu, subira.

Mwishowe tulielewana. Mawe yalinishinda bei, nikajenga kwa mbao: vyumba vitano kwa mstari mmoja, choo cha shimo nyuma, maji ya kisima cha mzee kwa makubaliano. Pesa ya mwisho ilikwenda kwenye bati. Nilichagua bati nzito, zile za bei. Fundi alisema kwa paa la vyumba vya kupangisha hakuna haja. Nikamwambia mimi sijengi vibanda.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu. Watu wa kwetu tulikuwa na chama chetu, tulikutana Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya ibada, tukichanga kwa ajili ya misiba na karo. Jumapili moja nilisimama, bila kuulizwa na mtu, nikatangaza kwamba nimejenga. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaiombea nyumba ile, kwamba Bwana aibariki nyumba ya watoto wetu hapa ugenini. Niliitika amina kwa sauti kuliko wote.

Binamu yangu, aliyekuwa kibarua wa kupakua magunia, alifika Mutuini na godoro lake kabla milango haijatiwa bawaba. Nilipomgusia kodi, tena kwa kuzunguka sana, alinishangaa bila ubaya wowote.

"Ndugu yangu, si hii nyumba tuliiombea pamoja?"

Nilikuwa nimeitika amina. Wiki ile ile akaja mjane wa mjomba wangu na watoto wanne, akachukua chumba cha pili. Cha tatu na cha nne vikaingiwa na vijana wa kanisani waliokuwa wakitafuta kazi. Chumba cha tano nilimpangisha fundi baiskeli, mtu wa pale pale, mstaarabu kabisa. Alilipa miezi miwili. Mwezi wa tatu aliniuliza kwa heshima kwa nini katika mstari mzima yeye peke yake ndiye mgeni. Nikajifanya naikagua bawaba ya mlango wake, naye akaacha kulipa.

Kila mwisho wa mwezi nilipanda basi nikifanya mazoezi ya maneno makali moyoni. Nikifika, napokewa kofia, nachinjiwa kuku, naulizwa habari za watoto. Narudi Woodley na mayai kwenye gazeti. Mke wangu aliyapokea, akalifungua daftari, akaniuliza mayai ayaandike upande gani. Nilikasirika nikaenda kulala bila kula. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia wao, na aliyestahili hasira hizo nilikuwa mimi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mama hakuandika kuuliza.

Kisha wale wale waliokosa kulipa kodi wakachanga nauli, wakamleta mama Nairobi aje aone alichojenga mwanawe. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili. Nilimkuta Mutuini, ameketishwa katika chumba cha binamu, watu wamejaa mpaka mlangoni, wanaimba. Alikuwa amekonda. Alinishika mikono yote miwili, akawaambia wote kwamba huyu ndiye. Nilitamani ardhi inifunike.

Tukiwa tunakula, mvua ikaanza, ile nzito ya huko. Mama akaweka tonge chini. Akainuka, akaenda pembeni palipokuwa na vyombo, akachukua sufuria tupu, akasimama nayo katikati ya chumba, macho juu. Watu wakaacha kutafuna. Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi.

"Inavuja upande gani?" akauliza.

Binamu akamjibu kwamba haivuji, mama, popote.

Alibaki amesimama kidogo, akisikiliza bati, asiamini. Halafu akarudi kuketi.

"Basi ni nyumba nzuri, baba," akaniambia.

Hakuniuliza yake itakuwa lini. Alikaa na sufuria ile mapajani mpaka mvua ilipokatika.