Daraja Tulilolikataa

Mwanangu, naikumbuka alasiri moja ya mwezi wa pili, mimi nikiwa nesi kijana, nimesimama kando ya korongo lililojaa maji, na mkono wa mwanamke umeling'ang'ania gauni langu la kazi. Jina lake Rehema. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, ana uchungu tangu asubuhi, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Ng'ambo ya pili ilisimama gari ya wagonjwa kutoka hospitali ya Kiomboi. Nilikuwa nimeiita kwa simu ya upepo na ilikuja haraka, siwezi kumlaumu mtu wa hospitali. Dereva alikuwa ameteremka, amesimama mikono kiunoni. Tulionana nyuso, lakini hatukuweza kufikiana, maana daraja la makalvati, yale mabomba ya zege yanayofukiwa chini ya barabara, lililotuunganisha lilikuwa limeondoka na maji saa chache kabla.

Zahanati yangu ilikuwa upande huu wa korongo, hospitali upande ule. Njia ya kuzunguka ilikuwa ya kutwa nzima, na wakati wa mvua haikupitika. Basi tulingoja. Wanaume walipima maji kwa fimbo, wakarudi nyuma, wakapima tena. Jua lilipoanza kushuka, maji yakapungua kiasi cha watu wazima kupita wakiwa wameshikana. Wakambeba Rehema juu ya mabega yao. Kule Kiomboi madaktari walimwokoa yeye. Mtoto alikuwa ameshafariki.

Nakusimulia hivi kwa sababu najua umesoma, na labda wewe ndiye utakayekaa mezani siku moja kuamua barabara ipite wapi, zahanati ijengwe wapi, bwawa lichimbwe kwa kina gani. Nataka ukikaa pale uujue uzito wa kitanda kile.

Sasa nikwambie juu ya mvua. Wazee wetu wa Iramba walizoea mvua inayoanza kidogo kidogo mwezi wa kumi na moja, inapumzika, inarudi, inakwenda hivyo hivyo mpaka mwezi wa nne. Korongo lilijaa, lakini lilijaa kwa adabu, ukisubiri kidogo unavuka. Miaka ile tabia ikabadilika. Mvua ilichelewa mpaka mtama ukanyauka ukiwa umefika magotini, halafu ikaja yote kwa pamoja, na ardhi iliyokauka haikuweza kuimeza. Maji yote yakawa yanakimbilia korongoni. Watu walisema ni mwaka mbaya tu, utapita. Ukaja mwingine kama huo, na mwingine. Siku hizi mnayo maneno ya kulieleza jambo hili, mnayasikia hata redioni. Sisi tulikuwa na macho tu, na macho yalitosha kuona kwamba mvua tuliyoijua haikuwa ile tena.

Kiangazi kilipofika, tukaitwa kwenye mkutano wa hadhara, uwanjani pale shule ya msingi. Walikuja watu wawili kutoka ofisi ya mradi wa barabara. Mmoja alikuwa afisa, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kuhutubia. Mwingine alikuwa mhandisi kijana, Yusufu, aliyekaa na michoro yake imekunjwa mapajani. Aliyeongoza mkutano ni Mzee Msengi, mwenyekiti wetu wa kijiji. Huyo ndiye baba mkwe wa Rehema, na mtoto aliyefariki angekuwa mjukuu wake.

Afisa akasimama akasema, "Ndugu wananchi, nimewaletea habari njema. Daraja lenu linarudishwa kama lilivyokuwa. Kabla ya mvua mtakuwa mnavuka."

Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Nisingewalaumu. Vitunguu vilikuwa vimeanza kuiva na wanunuzi hawakuweza kuleta magari. Kila mtu alikuwa amechoka kuvua viatu ili avuke.

Makofi yalipoisha, Rehema akasimama. Tangu msiba ule alikuwa hajazungumza mbele za watu.

"Shikamooni wazee," akasema. "Nina swali. Linarudishwa lile lile?"

"Lile lile, mama," afisa akajibu kwa upole, "tena kwa saruji mpya."

"Siku ile lilikuwepo," Rehema akasema. "Ndilo lililoondoka."

Akakaa chini.

Nikajikuta nimesimama. Nilikuwa mgeni pale, mwajiriwa mdogo, na mtu mwenye cheo anazungumza. Lakini mkono ule ulionishika gauni nilikuwa bado nausikia. Nikauliza, "Mheshimiwa, hayo makalvati mmeyapima kwa mvua ya lini?"

Afisa akamgeukia mhandisi. Yusufu angeweza kutuchanganya kwa maneno ya kitaalamu na tungekaa kimya. Hakufanya hivyo. Akasimama, akasema, "Ni mvua ya kumbukumbu za zamani, nesi. Mimi nilichora daraja jingine, la juu zaidi, lenye nafasi pana ya maji kupita. Nilipiga hesabu ya mvua zinavyokuja sasa, na nikaongeza kwa sababu naamini zitazidi. Mchoro ulirudishwa. Nikaambiwa ni mkubwa mno kwa kijiji."

Afisa alimtazama kama mtu aliyemwaga uji kwenye nguo za mgeni. Kisha akatugeukia sisi, na ile sauti nzuri ikawa imekauka.

"Basi chagueni," akasema. "Mnalipokea hili, au mradi unakwenda kijiji kingine chenye shukrani."

Hapo ndipo wengi hushindwa, mwanangu. Maneno kama hayo yameangusha vijiji vingi kuliko mafuriko. Unaambiwa ushukuru kwa kitu kitakachokuua, na ukiuliza unaitwa mkorofi. Nikasema, "Mimi silipokei. Daraja linaloondoka siku tunayolihitaji siyo daraja. Pelekeni mkitaka, lakini huko mnakolipeleka nako kuna wajawazito."

Mzee Msengi akaomba watu wanyooshe mikono. Wanaolitaka wakanyoosha. Wanaolikataa wakanyoosha, Rehema wa kwanza, wakazidi kidogo tu. Nilimwona mzee akitazama mikono ile, naye ndiye aliyelitafuta daraja hilo kuliko sote, amekwenda maofisini mpaka viatu vimeisha. Angeweza kusema lolote. Akasema, "Kijiji kimekataa. Mwambie aliyekutuma kwamba kijiji kinataka lile alilochora huyu kijana."

Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa. Asubuhi yake Mzee Msengi akaja zahanati. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akaniita nikae karibu naye.

"Binti," akasema, "jana umesema vizuri. Sasa niambie, mvua zikija, na daraja hatuna, hao wajawazito wako utawavushaje?"

Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Umekataa, ukaenda kulala," akasema. "Sikulaumu kwa kukataa, na mimi nimekataa pamoja nawe. Lakini ukimwambia mtu asipokee kitu, usimwache mikono mitupu halafu ukajisifu. Mvua haitangoja wale wakubwa wakubaliane. Inuka tutafute pa kuwaweka wanawake hawa."

Nimesoma kozi nyingi baada ya hapo, sikupata somo lililonishika kama lile la kwenye benchi.

Tukatafuta. Mdogo wake Mzee Msengi alikuwa na shamba ng'ambo, upande wa Kiomboi, karibu na barabara. Akakubali tujenge pale nyumba ya kusubiria wajawazito. Wanaume wakafyatua matofali, wanawake tukasomba maji, na Rehema ndiye aliyepanga zamu na kumfuata nyumbani yeyote aliyekwepa. Ilikuwa nyumba ya kawaida, vyumba vya kulala na jiko. Mawingu yalipoanza kukusanyika, kila mwenye mimba iliyokaribia tulimvusha akakae kule, na jamaa yake wa kumpikia. Waume walinung'unika. Tuliwaacha wanung'unike.

Usidhani watu walitusifu. Masika yale yalikuwa magumu. Vitunguu vilioza kwenye magunia kando ya korongo, na kila gunia lililooza lilikuwa na mtu wa kunitazama mimi. Wengine waliacha kuniamkia. Mama mmoja aliniambia usoni, akimshika mwanawe mwenye homa, kwamba heri daraja bovu kuliko nesi mwenye kiburi. Nikampa mtoto dawa, nikamwambia aje tena kesho kutwa. Njaa yake ilikuwa ya kweli. Uchaguzi wa kijiji ulipofika, Mzee Msengi akashindwa uenyekiti. Hakulalamika. Siku iliyofuata alikuwa kwenye ile nyumba, anarekebisha mlango.

Lakini masika yale hatukumzika mama wala mtoto kwa sababu ya korongo. Hilo nalisema kifua mbele mpaka leo.

Mvua zilipoisha tukaondoka, Mzee Msengi, Rehema na mimi, tukaenda kwenye ofisi ya mradi. Tulikalishwa kwenye korido mpaka watu wote wakaondoka kula na kurudi. Mwishowe tukaingizwa kwa mkubwa wa yule afisa. Alitusikiliza huku akitabasamu, kisha akasema, "Sasa nyinyi, kijiji kidogo hivyo, mnataka daraja la kupita treni?"

Rehema akamjibu, wala hakupandisha sauti. "Mzee, sisi watu hatuna shida ya kupita, tuko wachache. Tunaomba daraja la kupita maji."

Tabasamu likamtoka. Akamwita Yusufu, akamwambia alete ule mchoro. Wakaufungua mezani, na kwa mara ya kwanza nikauona: nguzo zimeinuliwa, nafasi pana kati yake, na mahali penyewe pamesogezwa juu kidogo, penye mwamba, badala ya pale kwenye mchanga. Yule mkubwa aliuliza maswali mengi, mengine ya haki kabisa. Yusufu alijibu moja moja, bila woga na bila kujigamba. Tulirudi nyumbani bila ahadi. Tulikwenda tena, na tena, mpaka walinzi wa getini wakatuzoea.

Likajengwa, mwanangu. Lilichelewa, lakini likajengwa lile la Yusufu.

Miaka michache baadaye ikaja mvua ambayo hata wazee kabisa hawakuwa na mfano wake. Maji yalipita juu sana ya pale yalipofika siku ya Rehema. Yalibeba miti mizima na mizizi yake. Nilikwenda kuangalia na mwavuli uliovunjika, nikakuta watu wamejipanga kwenye mwinuko. Daraja lilisimama. Upande mmoja maji yalikula tuta la kuingilia, pakabaki pengo, tukalazimika kuweka magogo na kumvusha mgonjwa mmoja kwa kumbeba. Yusufu alipokuja akatuambia kwamba hata yeye hakuongeza vya kutosha, ingebidi tuta nalo lijengewe mawe. Likajengewa. Nilimheshimu zaidi siku ile kuliko siku ya mkutano.

Sasa mimi ni bibi, goti la kushoto linanisumbua, na nimestaafu zamani. Juzi vijana wa kata walikuja kuniamkia. Wakaniambia shule mpya inataka kujengwa kule mbugani, bondeni panapotuama maji wakati wa mvua, kwa sababu ni tambarare na ni rahisi kuchimba msingi. Nikawauliza kama aliyepapima amepaona mwezi wa pili. Wakacheka, wakasema, "Bibi, tukiuliza sana tutakosa mradi." Nikawaambia mkutano ukiitwa, waje wanichukue kwa bodaboda. Nitauliza mimi. Wakinitoa uwanjani, nitauliza nikiwa nje.

Basi nisikilize. Ukikabidhiwa kupanga kitu cha watu, usipange kwa mvua ya babu yako. Uliza mvua itakayomkuta mtoto ambaye bado hajazaliwa, kwa sababu yeye ndiye atakayevuka. Na usifikirie mafuriko peke yake. Kwetu hapa ukame unaua kimyakimya. Ukichimba bwawa la kina kifupi, jua litalinywa kabla ng'ombe hawajafika. Ukiezeka wodi ya wazazi kwa bati tupu, mama atajifungua ndani ya tanuri. Hayo yote yaingie kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, yasingoje msiba. Ukiambiwa ni makubwa mno kwa kijiji, uliza kijiji kinatakiwa kizike wangapi ndipo kionekane kinastahili. Na ukishakataa, baki pale. Tafuta matofali, somba maji, vusha watu, pokea matusi ya wenye vitunguu vilivyooza, mpaka kile kilicho sahihi kije. Ukikosea, sema umekosea, ongeza mawe.

Mungu akupe macho ya kuiona mvua kabla haijafika, akupe ulimi usiotetemeka mbele ya mwenye cheo, na mabega ya kubeba unachokisema. Kila unachokijenga kisimame siku watu wanapokihitaji. Na mama yeyote atakayepita juu ya kazi yako akiwa na uchungu, afike salama, arudi na mtoto mgongoni, wala asijue jina lako. Amina.