Fundi Aliyeazima Masikio

Mjukuu wangu aliponipa habari kwamba fundi wetu wa njia ya Mtongwe amefariki, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa alhamdulillahi. Mtoto akanikodolea macho. "Nyanya! Mtu amekufa!" Nikamwambia najua amekufa, sijawa mwehu. Kisha nikavua miwani, nikaketi kitako, nikalia kama wenzangu. Lakini ile shukrani siirudishi. Jumanne iliyotangulia nilikuwa nimekwenda kwake na mkate wa sinia mkononi kumwomba msamaha, na akanipa. Ningechelewa juma moja tu, ningeubeba mzigo ule mpaka kaburini, na magoti yangu haya hayataki mzigo tena. Mnaonisoma kila juma mnajua mimi si mtu wa kuomba msamaha ovyo. Basi kaeni niwaeleze.

Marehemu alikuwa mtu wa bara. Alishuka Mombasa kijana kufanya kazi kwenye karakana za bandarini, na mitambo ya huko ikamla masikio kidogo kidogo, hata alipostaafu ulikuwa ukimsalimu mara mbili ndipo aitike mara moja. Hakurudi kwao. Alisimamisha kibanda cha mabati hapa Likoni, akaanza na redio, zikaja simu, zikaja kompyuta, naye akazifuata zote bila kulalamika kwamba dunia inakwenda mbio. Kibao chake alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: FUNDI WA VITU VINAVYOLIA. Watu walicheka sana kibao kile. Walimwambia, "Basi tukuletee na watoto wetu, wanalia kutwa." Mimi nilikuwa mmoja wa waliomtania, maana Kiswahili chake nilikiona kama mguu uliovaa kiatu cha mwenzake. Miaka yote ile pwani, na ngeli bado zilimpita pembeni. Lakini watani tulikuwa, na akinipigia kelele "Mama mwandishi!" nami nilimrudishia lake.

Sasa hayo maandishi yenyewe. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Naandika kwa kalamu kwenye daftari la mistari, na mjukuu wangu ndiye anayenichapia kwenye kompyuta yake, ile ya kukunja, aliyoipata imeshatumiwa na mwenziwe. Mwaka wa kisa hiki alikuwa anamalizia chuo, na kazi yake yote ya mwisho, kurasa na kurasa, ilikuwa mle ndani. Siku moja baada ya alasiri anachapa safu yangu ya gazeti, akaacha ghafla, akaniuliza, "Nyanya, husikii?" Nisikie nini? "Mlio. Mwembamba, kama mbu. Unatoka humu." Nikatega sikio. Nikasikia kuku wa jirani, nikasikia mwadhini wetu akikohoa kwenye kipaza sauti, nikasikia mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria nyumba ya tatu. Kutoka kwenye kompyuta, wallahi, sikusikia kitu. Mamake naye akaja, akainama, akatikisa kichwa.

Siku zikenda, mtoto akazidi. Akitia pamba masikioni, akifunga macho, akisema kichwa kinamgonga. Kazi ya chuo ikasimama, na siku ya kuipeleka haikuwa mbali. Mamake akasema chuo kimemzidi, asimame mwaka mzima apumzike, na tuliojaaliwa wajukuu tunajua msichana akisimama mwaka kuna watu wanaomngoja nje kwa posa. Mimi nikasema jambo baya zaidi. Nikasema kuna kitu kimemkalia. Na alipoendelea kushikilia kwamba anasikia, nikampiga na methali mbele ya watu: "Sikio halizidi kichwa. Mimi kichwa cha nyumba hii sisikii, wewe sikio wasikia nini?" Akaingia chumbani. Nami, kwa mikono yangu hii, nikatia makaa kwenye chetezo, nikamimina ubani, nikaifukiza ile kompyuta juu na chini, nikaifunua kinywa nikaifukiza na ndani, kama bibi harusi.

Ubani haukusaidia. Mtoto akaichukua kompyuta mpaka duka moja la fahari huko Nyali. Muuzaji pale hakuiwasha hata. Alisikiliza maneno mawili, akasema bodi ya ndani inakufa, itupe, nunua nyingine. Akarudi nyumbani uso umemsawajika, anaamini kazi yake yote imo katika sanduku linalokata roho. Hapo ndipo nilipomshika mkono nikampeleka kwa fundi, na hapa nitasema kweli ingawa inaniaibisha: sikwenda kutafuta dawa. Nilikwenda kutafuta shahidi. Nilitaka mtu wa kazi amwambie mbele yangu kwamba hakuna mlio, ili nimpeleke kusomewa dua kwa moyo mkunjufu.

Fundi aliiwasha kompyuta, akalaza sikio juu yake kama mtu anayesikiliza mtoto tumboni. Akainuka. "Mimi sisikii kitu." Nikapiga makofi. "Umeona! Hata fundi hasikii!" Akanitazama juu ya miwani yake. "Mama mwandishi, mimi hata honi ya meli nasikia nusu. Kutosikia kwangu si ushahidi." Kisha akanipa mgongo, akamgeukia mtoto, akamwuliza swali ambalo katika nyumba yetu nzima hakuna aliyewahi kumwuliza. "Hiyo kitu inalia saa gani? Ukiandika, ama ukiacha?"

"Kitu hicho, kinalia," nikamsahihisha.

"Hicho, basi. Kinalia saa gani, mwanangu?"

Nilimwona mtoto akinyooka mgongo. "Nikiacha," akasema. "Nikifanya kazi nyingi kinapungua. Nikikaa tu nasoma, kinaanza."

"Vizuri. Leo wewe ni masikio, mimi ni mikono. Kikilia, inua kidole. Kikinyamaza, shusha."

Kwanza kabisa alichomeka flashi, akanakili kazi yote ya chuo, akampa mtoto aishike kiganjani. "Sasa hata hii ikifa hapa, wewe hujafa." Ndipo akafungua skrubu za chini. Akanusa. Akanusa tena. "Hii kompyuta iko na harufu ya harusi." Mjukuu wangu akatazama ukutani. Mimi nikatazama barabarani. "Mama, ulikuwa unaifukiza?" Nikamwambia fungua mashine, usifungue watu. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani, akachukua brashi akaanza kusugua masizi yangu.

Akatueleza kwamba washukiwa ni watatu. Feni, ambayo ikichoka hupiga kelele lakini hubadilishwa. Diski, ambayo ndiyo ghala la kazi zote, na ikianza kulia ni ya kuogopa, maana ikianguka huanguka na kila kitu. Na wa tatu atamtaja wakifika. Akachukua chelewa moja kutoka kwenye fagio lake, akaigusisha feni, ikasimama kidogo. Kidole cha mtoto kikabaki juu. Si feni. Akazima, akaichomoa diski, akawasha tena. Kidole kikapanda. Bado inalia, na diski imelala mezani kimya! Fundi akaipapasa ile diski kama shavu la mtoto mchanga. "Huyu hana kosa. Kazi yako ni nzima." Mjukuu wangu akalia pale pale, na safari hii hakujificha.

Mwisho akakata kipande cha mpira mwembamba wa maji, akamwambia mtoto atie ncha moja sikioni na nyingine aitembeze juu ya bodi, pole pole, bila kugusa. Mtoto akatembeza, akatembeza, akasimama. "Hapa." Palikuwa na kidude cheusi kidogo kuliko punje ya mbaazi. Fundi akasema hiyo ndiyo koili, waya wa shaba uliozungushwa, na umeme ukipita hutetemeka kama waya wa kuanikia nguo ukipigwa na upepo. Mashine ikiwa na kazi nyingi haitetemeki hivyo. Ikikosa kazi ndipo inapopiga mluzi. "Kama vijana wa kituoni," akasema. Haiumwi, haifi, itaishi miaka. Akadondoshea tone la gundi pembeni, akangoja ikauke, akairudishia diski yake. "Sasa je?" Mtoto akafikiri. "Sasa ni mbu aliye nje ya chandarua."

Ningekuwa mtu wa maana, hapo ningeshukuru nikaondoka. Lakini nilikuwa na shaka, nikasema basi mbona mimi sijasikia, na masikio yangu hayana ila? Fundi akatoa simu yake, akaifanya itoe sauti inayopanda, kutoka besi mpaka nyembamba. Akasema tuinue vidole wote watatu, tushushe tukiacha kusikia. Chake kilishuka kwanza. Changu kikafuata. Cha mtoto kikabaki hewani, peke yake, muda mrefu, mimi nikikitazama kwa kimya ambacho kwake hakikuwa kimya. "Ndiyo hivyo, mama. Mtu akizeeka, mlango wa juu unafungwa. Huyu hana jini. Ni sisi tumefungiwa." Nami nikakimbilia methali yangu, maana mtu aliyeshindwa hushika lililo karibu: sikio halizidi kichwa! Akajibu, bila ubaya, huku akifunga skrubu, "Ni kweli. Lakini kichwa bila sikio ni nini? Si ni nazi?"

Watu waliokuwa wakingoja simu zao wakaangua kicheko. Nikawaka moto. Nikamwambia, "Kiziwi wewe, mtu wa kuja, utanifundisha mimi kusikia?" Nikamvuta mtoto mkono tukaondoka. Niliyasema hayo kwa mtu aliyetoka kunirudishia mjukuu wangu mwenye akili zake timamu. Tangu siku hiyo nikipita njia ile nilivuka upande wa pili. Yeye aliendelea kupunga mkono. Mtoto akamaliza kazi yake, akaipeleka kwa wakati, akapata cheti, na leo anafanya kazi katika ofisi huko Miritini, akitoka asubuhi mkoba begani kama bibi mkubwa. Nimejaa fahari mpaka majirani wamenichoka. Na kila nilipomsifu kwa watu, lile neno "kiziwi" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki changu.

Nimekaa nikafikiri sana juu ya kazi ya yule mtu. Muuzaji wa Nyali alikuwa na masikio mazima na hakuyatumia. Fundi hakuwa nayo, akaazima. Siku hizi kila kitu ni badilisha, tupa, nunua, na anayeuliza "kinalia saa gani?" anaonekana amepitwa na wakati. Na si kompyuta tu. Vijana wetu wanatuambia kuna kitu kinawapigia kelele vichwani, kuhusu kazi, kuhusu kesho yao, nasi tunatega masikio yetu yaliyofungwa mlango wa juu, hatusikii kitu, tunasema ni uvivu, ni simu, ni shetani. Tunawafukiza. Yule mzee wa bara hakudai kuusikia mlio. Alimwamini aliyeusikia, kisha akautafuta hatua kwa hatua mpaka akauwekea kidole. Sijui ustaarabu mkubwa kuliko huo, nami ndiye niliyezoea kuwaambia watu wa bara kwamba ustaarabu uko kwetu.

Niliposikia kwamba hafungui kibanda, yu kitandani, ndipo nilipooka ule mkate. Nilimkuta amekonda, mkewe amemwegemeza kwa mito. Nikaweka sinia chini, nikasema yale niliyokuja kuyasema, kwa sauti ya chini, ya heshima, kama inavyofaa mbele ya mgonjwa. "Fundi, nisamehe kwa lile neno."

"Ati?"

"Nisamehe kwa neno nililokwambia!"

"Ati?" Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"NISAMEHE! NILIKUITA KIZIWI MBELE ZA WATU, NISAMEHE!" Wapangaji wa vyumba vyote wakatokeza milangoni. Mtoto mmoja akaanza kulia kwa hofu. Na yule mzee akatabasamu, akaninong'oneza, "Mama mwandishi, nilisikia mara ya kwanza." Tukacheka hadi mkewe akatukemea. Kisha akaumega mkate, akala, akasema ugomvi umeisha zamani, hata hakumbuki ni neno gani. Alikuwa anakumbuka. Lakini aliniachilia, nikarudi nyumbani nimetua mzigo, natembea kama msichana.

Juzi wamempeleka kwao bara kuzikwa. Kibao chekundu bado kipo, na sikicheki tena, kwani nimekielewa: si kila kinacholia kinakufa, na asiyesikia asiseme hakuna. Mjukuu wangu ananichapia haya maneno sasa hivi, kwenye kompyuta ile ile. Amefika hapa akaacha vidole hewani kidogo, mashine imekosa kazi. Nikamwuliza, inalia? Akasema, inalia, nyanya, kwa mbali. Nikatega sikio. Sikusikia kitu. Nikamwambia, mwanangu, andika: inalia.