Kiganja Mlangoni

Fundi wa redio za magari huamini kiganja chake kabla ya masikio. Wimbo ukianza, huweka mkono wa kushoto juu ya mlango wa gari, vidole vimetanuka kama vya mtu anayempima mtoto homa, na midomo yake huchezacheza bila kutoa neno. Jana asubuhi alikuja mama mmoja na gari alilonunua baada ya lile la marehemu mumewe kufa injini. Alikuwa amehamishia humo redio na spika zote, lakini mumewe, aliyejirekodi zamani akiwaimbia wajukuu, sasa alisikika kama anaimba ndani ya kopo.

"Redio ileile, spika zilezile, fundi. Mume wangu ameenda wapi?"

"Hajaenda mbali, mama. Mlango huu ni bati jepesi, unatetemeka pamoja naye. Ule wa zamani ulikuwa mzito, ulimshika vizuri."

"Kwa hiyo niulaumu mlango?"

"Ulaumu tu, hauna ndugu wa kuutetea."

Akaufungua mlango, akatoa kifuniko chake cha ndani, akabandika humo vipande vya mpira mzito unaonata, akilainisha kila pembe kwa kidole gumba, polepole, kama anayemtandikia mgonjwa kitanda. Akarudisha kifuniko, akakaza skrubu, akawasha redio, akaweka kiganja. Sauti ikatoka nene, na kikohozi kidogo kabla ya kiitikio. Mama akafumba macho.

"Ee, baba watoto," akasema, "umechelewa."

Fundi akaondoa mkono mlangoni taratibu, akaenda kusimama mbali, kama mtu aliyegundua kwamba ameingia chumbani kwa watu bila kubisha hodi.