Koti la Mama Mariamu

Mpaka leo nikiona koti la kahawia natazama pembeni. Nilikuwa muuzaji wa duka la kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kiomboi.

Koti hilo Mama Mariamu alimchagulia mumewe, mzee aliyekohoa kila kipupwe. Hakutaka mkopo. Aliliacha dukani, akawa analilipia kidogo kidogo kila alipouza kuku.

Siku ya mkutano wa kijiji nilitakiwa kuwaonya watu juu ya mikopo. Shati langu la pekee lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika maji. Nikalitazama lile koti, nikajisemea, mama huyu hatamaliza kulipa leo wala kesho. Nikalivaa, nikafunga vifungo mpaka shingoni.

Nilihutubia kwa ukali. "Ndugu zangu, acheni kuvaa vitu msivyovilipia! Lipa kidogo kidogo. Ukimaliza, kitu ni chako, hakuna wa kukuzuia!"

Wakapiga makofi. Mama Mariamu akainuka, akaja mbele taratibu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akafungua pindo la khanga, akaweka shilingi mezani. "Nimekufuata dukani nikakuta umefunga. Hii ndiyo ya mwisho. Baba yako amekohoa usiku kucha. Naomba koti lake."

Mwenyekiti akanigeukia.

"Umesema vizuri sana, ndugu. Mpe mama mali yake."

Nikashika kifungo cha kwanza.